Kipchumba na Chepchumba: Hiyo 'Chumba' Si Ya Kulala

Kama uko na beshte anaitwa Kipchumba, pengine ushawahi mchoma ati alizaliwa kwa chumba. Wachana na hiyo. Kwa Wakipsigis, chumbindet ni mzungu, na wakiwa wengi ni chumbek. Jina lenyewe limembeba mzungu ndani.

Unajua vile hizi majina huenda: Kip ni ya chali, Chep ama Che ni ya dem, halafu kinachofuata kinakuambia mtoi alikuja lini ama kulikuwa na nini. Kibet ni mchana, Chelangat ni jioni, Kiprop mvua ilikuwa inanyesha. Chepchumba alizaliwa mzungu akiwa karibu, ama hosi, juu zamani hosi ilikuwa kitu ya wazungu.

Na huku Kabianga, mzungu hakuja kama mtalii. Hapo ukishuka leo unapokelewa na majani chai pande zote, na chuo kikuu kilichopata hati yake 2013. Lakini miaka ya 1920, ardhi ikiwa ishachukuliwa, Brooke Bond na James Finlay walikuwa wanapanda chai Kericho. 1934 serikali ya mkoloni ikapitisha sheria ya kuwang'oa watu wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, kando ya ziwa. Kwa hivyo usidhani mzazi aliyemwita mtoi Kipchumba alikuwa anawapenda hao wasee. Aliandika tu kilichokuwa mlangoni.

Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho, alilibeba hadi London. 1997 alishinda marathon ya huko akimwacha Liz McColgan wa Scotland kwa sekunde moja. Moja! Jina la mzungu likamshinda mzungu kwao. Mimi hiyo hunichekesha kila saa. Sydney 2000 akaongeza shaba ya Olimpiki.

Siku hizi karibu kila mtoi huzaliwa hosi, na bado si wote ni Kipchumba. Wengi hurudi kwa saa ya kuzaliwa, wengine hurithi tu juu guka aliitwa hivyo. Halafu kuna lile jina lingine, la kurenet, ambapo wazee hutaja mababu mmoja mmoja hadi mtoi apige chafya. Hilo hutalipata kwa kitambulisho.

Kama kwenu kuna Kipchumba, muulize kogo mzungu wa siku hiyo alikuwa nani: daktari, bwana wa shamba, ama ilikuwa wodi tu.