Majini wa Cottingley

Mnamo mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley, Uingereza, Elsie Wright, binti wa miaka 16, alichora juu ya karatasi majini wadogo wenye mbawa, akawakata kwa mkasi, akawasimamisha majanini kwa pini za kofia, kisha, kwa kamera ya baba yake, akampiga picha binamu yake Frances Griffiths nyuma yao. Bingwa aliyeikagua sahani ya kioo iliyoinasa picha hiyo hakuona athari ya kughushiwa, wala hakukosea, maana hila ile, ambayo naistahi mno kwa ustadi wake, ilikamilika kabla nuru haijaingia kamerani. Mwandishi Arthur Conan Doyle akasadiki, akazitangaza picha gazetini mwaka 1920. Na mabinti wale hawakukiri hadharani ila mwaka 1983, wakiwa vikongwe.