Isang Yun: Mtunzi Aliyeibwa Berlin

Mwezi Juni 1967, majasusi wa Korea Kusini walimteka mtunzi wa muziki Isang Yun mjini Berlin Magharibi na kumpeleka Seoul. Mkewe, Lee Soo-ja, naye alichukuliwa. Msako huohuo uliwakumba Wakorea wengine waliokuwa wakisoma na kufanya kazi Ujerumani na Ufaransa, wakidaiwa kuifanyia ujasusi Korea Kaskazini. Yun aliteswa, akajaribu kujiua, na Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kilichomponza ni safari ya mwaka 1963. Alikwenda Kaskazini kuonana na rafiki wa zamani, na pia kujionea michoro ya kale iliyo ndani ya makaburi ya wafalme wa Koguryo, dola ya kale ya Korea: joka la buluu, simbamarara mweupe, ndege mwekundu na kobe mweusi, walinzi wa pande nne za dunia. Kwa utawala wa Rais Park Chung-hee wa Korea Kusini, kuvuka mpaka ule kulitosha kumfanya mtu msaliti.

Jela hakuanza kuijua mwaka 1967. Alizaliwa mwaka 1917 na kukulia Tongyeong, mji wa bandari kusini mwa Korea, nchi ikiwa chini ya ukoloni wa Japani. Alisomea muziki Osaka na Tokyo, kisha akajiunga na wapinga ukoloni, na mwaka 1943 Wajapani wakamfunga miezi miwili. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha alihudumia mayatima na kufundisha muziki. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, mwenye mke na watoto, alipoondoka mwaka 1956 kwenda Paris na baadaye Berlin, akaketi tena darasani kama kijana.

Huko mwalimu wake Josef Rufer alimfundisha mbinu ya Arnold Schoenberg, ambayo kwayo mtunzi hupanga noti zote 12 kwa utaratibu wake na kujenga muziki juu ya mpangilio huo. Yun aliijua vizuri, lakini haikumtosha. Katika muziki wa kale wa kasri za Korea, noti moja pekee ina uhai wake. Huzaliwa, hutetemeka, hupinda, huvimba, kisha hufifia. Msikilizaji wa taarab anayeijua sauti ya mwimbaji inavyozunguka juu ya silabi moja ataelewa upesi. Yun aliifanya noti hiyo kuwa mhimili, vyombo vingine vikiizunguka na kuipamba. Mwaka 1966 okestra ilipopiga utunzi wake Réak katika tamasha la Donaueschingen, Ujerumani, Ulaya ilisikia sauti ambayo haikuwa imewahi kuisikia. Nami naamini kwamba hakuna mtunzi wa kizazi chake aliyeunganisha Asia na Ulaya kwa kina kama yeye.

Mwaka mmoja baadaye ndipo alipotekwa. Alipopewa ruhusa ya kuandika gerezani, alikamilisha opera ya kuchekesha kuhusu mtu anayeota kwamba yeye ni kipepeo. Nuremberg waliionyesha Februari 1969 bila mtunzi wake. Humo gerezani pia aliandika Images, utunzi wa filimbi, obo, fidla na selo, vyombo vinne kwa wale wanyama wanne wa makaburini. Safari aliyofungiwa ndiyo aliyoigeuza muziki mbele ya walinzi wake.

Wanamuziki wapatao 200, wakiwamo Igor Stravinsky, Herbert von Karajan na György Ligeti, walitia saini ombi la kutaka aachiwe, na serikali ya Ujerumani Magharibi nayo ikashinikiza. Aliachiwa mwaka 1969, akarudi Berlin, na mwaka 1971 akawa raia wa Ujerumani. Mwaka uliofuata opera yake Sim Tjong ilipigwa Munich katika sherehe za utamaduni za Olimpiki.

Aliyoyapitia gerezani aliyasema mwaka 1976, katika utunzi wake wa selo na okestra. Selo, fidla kubwa ambayo mpigaji huishika katikati ya magoti, ni Yun mwenyewe. Inapanda kuitafuta noti ya A, ambayo kwake ilikuwa noti ya uhuru. Inapanda tena, inakaribia kwa robo ya toni, inashindwa. Noti yenyewe inabaki kwa tarumbeta. Baada ya jeshi kuwaua waandamanaji wa Gwangju, Korea Kusini, mwaka 1980, aliwaandikia wafu hao utunzi wa okestra.

Ukaribu wake na Korea Kaskazini bado unabishaniwa Korea Kusini, na wanaomlaumu wana hoja, maana Kaskazini nako kulikuwa na udikteta. Hata hivyo, hakuna hoja inayohalalisha mateso. Mwaka 1994 matumaini ya kurudi kwao yalivunjika pale serikali ya Korea Kusini ilipomwekea masharti ya kisiasa. Alifariki Berlin tarehe 3 Novemba 1995.

Mwaka 2006 uchunguzi rasmi nchini mwake ulieleza kwamba kesi ile ilikuwa imetiwa chumvi. Mwaka 2018 mabaki yake yalihamishwa kutoka Berlin na kuzikwa Tongyeong. Msomaji anayetaka kumfahamu asianze na siasa zake. Atafute kwanza ule utunzi wa selo, ausikilize hadi mwisho, kisha aende kwenye Images.