Usinikatie Watu

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika 3 hivi. Aliyezoea taarabu anajua dakika 3 ni nini: ukumbini, muda huo wapigaji bado wamo kwenye utangulizi na mwimbaji hajafungua kinywa. Chombo ndicho kilichoamua wimbo uishie wapi.

Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, haikuwa na alama yoyote. Ukitaka wimbo wa 4 unapeleka mbele, unasikiliza, unarudisha nyuma (kwa kalamu, kama unahurumia betri). Lakini ilimeza kila kitu. Kanda za harusi alizonipa shangazi yangu wa Tanga zina nyimbo, na pia vigelegele, watu wanaokwenda kutunza, mtoto anayelia, mtu anayeuliza pilau. Kati ya wimbo wa 2 na wa 3 kuna sauti ya bibi yangu akisema, "Jamani, mpisheni bibi harusi apite." Hatuna pengine pa kumsikia.

Shangazi alitaka kanda ziwe CD, kila wimbo na namba yake. "Ila usinikatie watu, mwanangu."

Ombi lake linaijua CD kuliko programu nyingi za kuchomea CD. Kwa kanuni za Philips na Sony za mwaka 1980, CD ya muziki haina mafaili. Ina mstari mmoja unaozunguka kutoka ndani kwenda nje, sauti mfululizo. Namba za nyimbo ni anwani tu: orodha iliyoandikwa mwanzoni mwa CD husema namba 1 inaanzia hapa, namba 2 pale, mpaka 99 ukitaka, kwa dakika, sekunde na fremu, fremu 75 kila sekunde. Kuweka alama si kukata.

Programu ndizo zinazochanganya hayo mawili. Nyingi, ukiziachia, huweka sekunde 2 za kimya kabla ya kila wimbo. Kwa albamu ya studio hakuna anayejali. Katikati ya vigelegele ni kama umeme umekatika. Dawa ni kuchoma CD yote kwa mkupuo mmoja, pengo likiwa sifuri. Hata hapo kuna mtego. Sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani 588 kwa fremu. Ukipasua faili nje ya mpaka wa fremu, programu hujazia kimya palipobaki, na sikio linasikia "tik". Kwa hiyo sikupasua. Upande mzima wa kanda ulibaki faili moja, nami nikaandika faili dogo la maandishi linalotaja kila wimbo unaanzia dakika, sekunde na fremu ya ngapi.

Humo mna kitu nikipendacho kuliko vyote. Kila wimbo unaweza kuwa na alama mbili, 00 na 01. Ukibonyeza namba ya wimbo unafikia 01. Kilichopo kati ya 00 na 01 husikika tu kwa anayeiacha CD iende yenyewe. Kwa kawaida huwa ni kimya. Mimi niliweka vigelegele.

Na bibi nilimweka humo, kabla ya wimbo wa 3: anayerukia wimbo hamkuti, anayesikiliza tangu mwanzo anamkuta. Niliona ni mahali pa heshima. Shangazi alisikiliza, akakataa. Yeye alitaka kumbonyeza.

Kanuni inadai wimbo usipungue sekunde 4. Nilipima: pamoja na pumzi yake ya mwanzo na mtu anayemjibu "Haya, mama," bibi anafika sekunde 6 na fremu 20. Akawa namba 3, na nyimbo zote za nyuma yake zikasogea hatua moja.