Pwani Yetu na Majengo Yake ya Kale: Kutoka Saadani hadi Kaole

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu tumeona vyema kutoka kidogo nje ya ua na kuitazama pwani iliyowapokea wazee wetu. Hekalu lilijengwa na watu walioletwa na pepo za kaskazi, wakapewa mahali pa kukaa na wenyeji. Anayetaka kuwafahamu watu hao, na ayatembelee majengo waliyoyaacha.

Kwa walioko Miono safari si ndefu. Barabara itokayo Mandera hupita Miono na kuelekea mashariki hadi Saadani. Tangu mwaka 2005 mahali hapo ni Hifadhi ya Taifa, ambamo wanyama wa nyika hufika hadi ufukweni. Wageni huwatazama viboko katika Mto Wami, na huko Madete kasa hutaga mayai mchangani. Lakini kabla ya watalii, Saadani ilikuwa bandari ya misafara chini ya Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889 wakati Abushiri akiwapinga huko Bagamoyo na Pangani. Atembeaye kwenye mchanga ule akumbuke kwamba ulipiganiwa.

Kusini ya Wami iko Bagamoyo. Hapo mgeni ataiona Ngome Kongwe, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897, lililojengwa baada ya makao makuu ya koloni kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Mwezi Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Livingstone, baada ya kuubeba kutoka bara kwa miezi mingi.

Sisi, hata hivyo, huvutwa zaidi na mtaa wa maduka. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Mbele kuna baraza, ambapo biashara na mazungumzo vilifanyika pamoja. Milango ya Kigujarati hutambulika kwa miraba midogo iliyochongwa na mbao zinazokunjika. Fundi, mteja na mti havikutoka nchi moja, na ndiyo maana mlango huo hatuwezi kuuita wa Kihindi tupu wala wa Kiswahili tupu.

Fedha ya mtaa huo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 forodha za Sultani wa Zanzibar zilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mabhatia wa Kutch, na wakala wao mashuhuri aliitwa Ladha Damji. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kiongozi wa msafara alikwenda nazo bara, akarudi baada ya mwaka au zaidi na pembe za ndovu, zilizobebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Pembe nyingi zilivuka hadi Bombay, na baadhi yake zikawa bangili za maharusi wa Kutch na Gujarat. Bibi zetu walizivaa kwa furaha, na huenda hawakujua uzito wake njiani.

Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Forodha ile ilitoza ushuru wa pembe, na ilitoza pia ushuru wa watumwa. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa nchi yake kuwaacha huru watumwa wao. Amri hiyo isingehitajika kama watumwa hao wasingekuwapo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Majirani zetu wana methali: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Tunaisikia bila kukasirika, kwa maana ndani yake mna lawama na shukrani pamoja, na vyote viwili vina sababu.

Shukrani hiyo inaonekana katika kazi ya Sewa Haji Paroo, Mwismailia wa Bagamoyo. Alipokuwa kijana, mwaka 1871, alimtafutia Stanley wapagazi. Alipotajirika alitoa jengo la shule kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe, na hospitali aliyoifadhili Dar es Salaam ilibeba jina lake. Alifariki mwaka 1897. Utajiri wa misafara haukusafishwa na sadaka hiyo, lakini baadhi yake ulirudishwa kwa watu.

Safari imalizikie Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Msikiti wa zamani zaidi hapo ni wa karne ya 13, na nguzo za makaburi zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Bahari hii ilikuwa imewaleta wageni karne nyingi kabla ya babu zetu.

Kwa wale watakaokwenda, tunaomba jambo moja. Nyumba ya matumbawe huanza kufa paa linapovuja: boriti huoza, chokaa hudondoka, ukuta hupasuka. Saruji inayopakwa juu yake hufungia unyevu ndani na kuharakisha maangamizi. Baadhi ya nyumba za mtaa ule zimekwisha kuwa magofu. Wenye asili ya nyumba hizo na wasaidie kutengeneza mapaa yake kwa chokaa na boriti, kwa mikono ya mafundi wa Bagamoyo; na wawaongoze watoto wao humo, wakiwaonyesha mlango uliochongwa na kuwaeleza pia ni nani aliyebeba mzigo uliolipia mlango huo.