Jina Moja si Damu Moja

Siku moja nilikuwa nikisahihisha insha za historia katika chuo cha ualimu ninakofundisha. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa ameandika ya kwamba Josiah Mwangi Kariuki aliuawa mwaka 1975, kisha ndugu yake, G. G. Kariuki, akawa waziri, na baadaye mtoto wao, Mirugi Kariuki, akachaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru Mjini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na watu aliowataja waliishi kweli. Lakini kwa maneno mawili tu, yaani "ndugu" na "mtoto", kijana yule alikuwa ameunda ukoo ambao haukupata kuwako duniani.

Yamkini, msomaji, utasema kosa hilo ni dogo. Mimi naliona kuwa kubwa, na nitakueleza sababu. Mtu akichanganywa na mwenziwe kwa ajili ya jina, matendo yake huchukuliwa akapewa mwingine. Sifa ya huyu humwangukia yule, na lawama ya yule humwangukia huyu. Tena wewe unayesoma ukurasa huu bado miaka michache tu utashika karatasi ya kura, nawe utaona juu yake majina unayoyajua. Usipojifunza leo kulitenga jina na mtu, siku hiyo utachagua jina, na mtu asiyejulikana ndiye atakayekutawala.

Basi na tuanze mbali kidogo. Katika nchi za Ulaya na Marekani jina la ukoo hushuka kutoka kwa baba hata kwa mtoto, na kutoka kwa mtoto hata kwa mjukuu, bila kubadilika. Marekani ilipata rais aitwaye John Adams mwaka 1797, na mwaka 1825 ikapata mwingine, John Quincy Adams. Hao walikuwa baba na mwana. Lakini hata huko jina laweza kudanganya. Rais Lincoln alipouawa mwaka 1865, aliyeshika mahali pake alikuwa Andrew Johnson. Rais Kennedy alipouawa mwaka 1963, aliyeshika mahali pake alikuwa Lyndon Johnson. Akina Johnson hao wawili, walioingia madarakani kwa njia iliyofanana mno, hawakuwa wa ukoo mmoja. Ikiwa jina huweza kumpoteza mtu katika nchi ambamo hushuka kama kijito kifuatacho mkondo wake, je, si zaidi kwetu, ambako majina yana njia nyingine kabisa?

Chukua jina hili la Kariuki. Ni jina la Kikuyu, na maana yake ni mtu aliyezaliwa mara ya pili, au aliyefufuka. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu yake mzaa mama. Kwa hiyo jina halifi; huzimika kwa mzee na kuwaka tena kwa mjukuu. Kisha mtoto hutambulishwa kwa jina la baba yake. Mwangi ambaye baba yake ni Kariuki ataitwa Mwangi wa Kariuki, na shuleni au ofisini litaandikwa "Mwangi Kariuki". Hilo jina la pili si jina la ukoo. Latuambia jambo moja tu, ya kwamba baba yake aliitwa Kariuki. Wazee wenye jina hilo ni maelfu, kwa hiyo wana wao pia ni maelfu.

Huenda ukauliza, majina ya Kikuyu yalifikaje kwa wingi katika Bonde la Ufa? Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi wa Kizungu mashamba makubwa katika nchi hii iliyokuwa malisho ya Wamaasai na ya Wakalenjin. Mashamba yalihitaji watu wa kazi. Ndipo jamaa nyingi za Kikuyu zilipopanda kutoka Nyeri, Murang'a na Kiambu kuja Bahati, Njoro, Molo, Naivasha na Laikipia. Waliitwa maskwota, yaani watu walioruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kufuga wanyama wachache kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Ardhi haikuwa yao, na mwenye shamba aliweza kuwaondoa.

Katika jamaa za namna hiyo alizaliwa Josiah Mwangi Kariuki, mwaka 1929, huko Kabati-ini, karibu na Nakuru. Alisoma hata akafika King's College, Budo, katika Uganda. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, alikamatwa, akawekwa kizuizini hata mwaka 1960, akipitishwa katika kambi kumi na nne, miongoni mwake Manyani na Lodwar. Habari za mateso hayo alizieleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1963. Baada ya Uhuru alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini na waziri msaidizi, lakini hakunyamaza. Alionya kwamba Kenya isiwe nchi ya matajiri wachache wanaojilimbikizia mali huku maskini wakiwa mamilioni. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana Nairobi kwa mara ya mwisho, kisha maiti yake ikapatikana katika vilima vya Ngong. Bunge liliteua kamati ya kuchunguza, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Alizikwa nyumbani kwake Gilgil.

Kariuki wa pili ni Godfrey Gitahi Kariuki, ambaye watu walizoea kumwita G. G. Yeye alikuwa mtu wa Laikipia. Aliingia bungeni katika miaka ya 1960, na Daniel arap Moi alipokuwa rais alimfanya waziri katika ofisi yake mwenyewe. Kwa muda alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kabisa katika nchi. Lakini cheo ni dhamana. Charles Njonjo alipoanguka mwaka 1983, G. G. Kariuki naye alianguka, na mwaka 1984 alifukuzwa katika chama cha KANU. Alikaa nje ya bunge miaka mingi, akarudi katika uchaguzi wa 2002 kwa kura za Laikipia Magharibi. Mwaka 2013 akawa seneta wa kwanza wa Kaunti ya Laikipia, na akiwa bado katika kazi hiyo alifariki mwaka 2017.

Wa tatu ni Mirugi Kariuki, mwanasheria wa Nakuru. Huyu hakuanzia kwenye vyeo, bali kwenye mahakama na jela. Mwaka 1990 alikamatwa, akashtakiwa pamoja na Koigi wa Wamwere kwa kosa la uhaini, ambalo adhabu yake ni kifo. Waliachiliwa mwaka 1993. Miaka tisa baadaye watu wa Nakuru Mjini walimchagua kuwa mbunge, akafanywa waziri msaidizi katika serikali ya Mwai Kibaki. Tarehe 10 Aprili 2006 alikuwa katika ndege ya jeshi iliyowachukua viongozi kwenda Marsabit kutafuta amani baina ya makabila yaliyokuwa yakiuana huko. Ndege hiyo ilianguka, na watu kumi na wanne wakafa, yeye akiwa mmoja wao.

Sasa waweke hawa watatu mbele yako, msomaji. Mmoja aliuawa kwa sababu alisema. Mmoja alipanda juu, akaanguka, akainuka tena. Mmoja aliteseka kwa ajili ya haki na kufa katika safari ya amani. Jina moja, mashamba tofauti, mama tofauti, safari tofauti. Ukiwafanya kuwa ukoo mmoja, umewanyima wote watatu maisha yao.

Lakini habari ya Nakuru haikuishia hapo. Kiti cha Mirugi kilipobaki wazi, uchaguzi mdogo ulifanywa mwaka huo huo wa 2006, na aliyeshinda ni mwanawe, William Kariuki Mirugi. Angalia jinsi jina lilivyogeuka! Baba alikuwa Mirugi wa Kariuki. Mwana ni Kariuki wa Mirugi. Babu amerudi kwa mjukuu, kama desturi inavyotaka. Hapa damu ni moja, na majina yamebadilishana mahali. Mgeni asomaye orodha ya wabunge angeweza kudhani kwamba hawa wawili hawahusiani, na kwamba wale watatu wa kwanza ndio jamaa moja. Angekosea mara mbili.

Mfano mwingine uko karibu. Mwaka 1974 watu wa Nakuru Kaskazini walimchagua Dickson Kihika Kimani, aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya kununua mashamba iitwayo Ngwataniro. Kihika ndilo jina lake, na Kimani ni la baba yake. Binti yake, Susan Kihika, alikuwa spika wa Bunge la Kaunti ya Nakuru kuanzia 2013, akawa seneta mwaka 2017, na mwaka 2022 akachaguliwa kuwa gavana. Binti hachukui jina la Kimani, bali la Kihika, maana huyo ndiye baba yake. Kwa hiyo mtu anayetafuta habari za jamaa hiyo chini ya jina la Kimani angempata baba na kumpoteza binti.

Mwaka 1976 Kihika Kimani huyo alikuwa miongoni mwa waliotaka katiba ibadilishwe, ili rais akifa makamu wake asishike mahali pake. Makamu huyo alikuwa Daniel Toroitich arap Moi wa Baringo. Jaribio lao lilishindwa, na mwaka 1978 Moi akawa rais. Basi tutazame jina lake pia. Katika lugha za Wakalenjin neno "arap" ni mwana wa. Baba yake aliitwa Kimoi; kijana alipotahiriwa akaitwa arap Moi, yaani mwana wa Kimoi. Kwa desturi ya kale jina hilo lingekuwa lake, na wanawe wangeitwa kwa jina la baba yao wenyewe. Lakini shule na ofisi zililigandisha, likawa jina la ukoo kwa mtindo wa Kizungu. Gideon Moi alikuwa seneta wa Baringo, na Raymond Moi mbunge wa Rongai katika Kaunti ya Nakuru, wote wawili kuanzia 2013. Mwaka 2022 wapiga kura waliwakataa wote wawili. Jina lilifungua mlango, lakini halikuweza kuuzuia usifungwe.

Kwa upande wa kusini wako akina Ruto. Kipruto ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa safari, na mwana wa Kipruto huitwa arap Ruto. Safari ni nyingi, nao akina Ruto ni wengi. Isaac Ruto alikuwa gavana wa Bomet kuanzia 2013, wakati William Ruto wa Uasin Gishu alipokuwa naibu wa rais. Si ndugu. Tena katika miaka ile walipingana vikali, maana Isaac aliongoza magavana kudai fedha zaidi kwa kaunti. Aliyedhani kwamba Ruto humtetea Ruto alishangaa sana.

Wazee wetu walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Methali hiyo ina kazi yake, lakini si kazi ya mwanahistoria, wala ya mpiga kura. Unapokutana na jina kubwa, jiulize mambo matatu. Kwanza, jina hili ni la nani hasa: lake mwenyewe, la baba yake, au la babu yake? Pili, limemfikia kwa desturi gani? Tatu, na hili ndilo kubwa, mwenye jina ametenda nini yeye mwenyewe? Maswali mawili ya kwanza yatakuepusha na kosa la mwanafunzi wangu. La tatu litakuepusha na kosa lililo baya zaidi, la kumpa mtu heshima au chuki aliyoichuma mwingine.

Nilimrudishia kijana yule insha yake, nikamwambia aende maktaba akaandike kurasa tatu, kila Kariuki ukurasa wake. Alirudi baada ya juma moja na kurasa saba. Aliniambia, "Mwalimu, nilidhani ni hadithi moja, kumbe ni tatu, na kila moja yaweza kusimama peke yake." Sikuwa na la kuongeza. Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Ni kweli, lakini taa huwashwa na matendo ya mwenye jina. Nawe, msomaji, jina lako wanalo wengine wengi, waliokutangulia na watakaokufuata. Ishi hivi kwamba siku moja mwanafunzi akiandika habari zako asiweze kukuchanganya na mwingine.