Ustadi Tandikoni, Ukatili Mazoezini

Wapenda farasi wengi, wakichukizwa na mbinu za mkufunzi fulani, hukimbilia kusema kwamba mtu huyo hajui hata kupanda. Kauli hiyo inaliwaza moyo, lakini si kweli, na anayeumia kwa uongo wake ni farasi.

Tuutazame mchezo wa dresaji, ambamo mpandaji humwongoza farasi katika hatua zilizopangwa, na waamuzi hutoa alama 0 hadi 10 kwa kila tendo. Anky van Grunsven wa Uholanzi alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mtu binafsi mara tatu mfululizo: 2000, 2004 na 2008. Yeye na kocha wake, Sjef Janssen, waliitetea hadharani mbinu ya kumkunja farasi shingo hadi kidevu kikaribie kifua. Daktari wa mifugo wa Ujerumani, Gerd Heuschmann, aliipinga vikali kwa hoja za maumbile ya shingo na mgongo. Mwaka 2010, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) lilikataa ukunjaji wowote unaopatikana kwa nguvu za kikatili. Katika miaka hiyo ya malumbano, watetezi walinyoosha kidole kwenye medali, na wapinzani wakazibeza. Pande zote mbili zilikubaliana bila kujua kwamba matokeo ndiyo kipimo cha mbinu. Hapo ndipo kosa lilipo.

Charlotte Dujardin wa Uingereza anatuonyesha hatari yake. Mwaka 2014, akiwa na Valegro, alipata asilimia 94.30 jijini London, na utulivu wa mikono yake ulisifiwa kote. Julai 2024 alijitoa kwenye Olimpiki ya Paris baada ya kutokea video iliyomwonyesha akiwa chini, akimchapa miguuni kwa mjeledi mrefu, tena na tena, farasi aliyepandwa na mwanafunzi. FEI ilimfungia mwaka mmoja na kumtoza faranga 10,000 za Uswisi. Anayeamini kwamba mpole tandikoni hawezi kuwa mkali zizini angeikataa video ile hata baada ya kuiona. Ni lazima tukubali kwamba mtu yule yule aliweza yote mawili. Tusipokubali, kila bingwa atakuwa na kinga.

Hata hivyo, utengano huu kati ya ustadi tandikoni na ukatili mazoezini una mpaka, na nadhani waamuzi wameuvuka mara nyingi. Kanuni za dresaji zinataka utosi uwe juu kabisa na pua itangulie kidogo mstari wa wima. Pua ikirudi nyuma ya mstari huo, kinywa kikaachama, mkia ukapigapiga, mwamuzi hahitaji kujua kilichotendeka nyumbani: dosari iko uwanjani mbele ya macho yake. Akitoa 8 kwa sababu miguu inarushwa kwa madaha, ameshindwa kusoma kanuni yake mwenyewe.

Yanayobaki si kazi ya mwamuzi. Wasimamizi wa FEI hukagua uwanja wa kupashia mwili moto, lakini kipigo kilichoonekana kwenye video ya Dujardin kilitokea katika zizi la mazoezi, mbali na mashindano yoyote. Kwa hiyo ushahidi wa mwanafunzi au mtunza farasi upokelewe kwa uzito kamili, na rekodi ya ushindi isiwe kamwe sababu ya kupunguza adhabu.