Usaha kwenye kiungo kwa watoto

Usaha kiungoni hutokana na maambukizi ya bakteria, mara nyingi stafilokoka, na huweza kuharibu gegedu la nyonga au goti ndani ya siku chache. Mtoto wa Mwananyamala, Dar es Salaam, mwenye homa hupimwa kwanza malaria, na ni sawa. Akikataa kukanyaga, kiungo nacho kichunguzwe.

Mwaka 1999 Mininder Kocher na wenzake wa Boston walitaja viashiria vinne vya usaha kwenye nyonga: homa, kushindwa kukanyaga, seli nyeupe zaidi ya 12,000 kwa mikrolita, na seli nyekundu kutuama kwa milimita 40 au zaidi kwa saa. Kichanga huacha tu kuchezesha mguu, hulia akibadilishwa nepi. Kwa mwenye selimundu, salmonela ifikiriwe.

Kipimo cha uhakika ni cha majimaji yaliyovutwa kiungoni kwa sindano, ikiwezekana kabla ya antibiotiki.

Mzazi, usimchue mtoto, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.